Umezidiwa kete? Jua kwanza unakimbilia sare ipi

Vijana wengi ninaowafundisha sataranji hapa Dodoma wamekulia kwenye drafti. Inawasaidia sana: wanaona mbali, na hawaogopi kutoa kete moja ili wale mbili. Ila kuna imani moja lazima niivunje mapema. Kwenye drafti ukikosa pa kusogea umefungwa, habari imeisha. Kwenye sataranji, kama zamu ni yako, mfalme wako hajapigwa cheki (yaani hashambuliwi) na huna hatua yoyote halali, hiyo ni sare. Nusu pointi. Mtu wa kijiwe cha Majengo akisikia hivyo mara ya kwanza anadhani unamtania.

Sheria hiyo ndiyo pumzi ya mwenye kete chache. Hatafuti tena ushindi. Anachagua sare moja anayoijua, kisha anauza kila kitu kingine ili aifikie. Na auze vitunda kwanza, zile kete ndogo za mbele, si kete kubwa. Kitunda kikifika mwisho wa ubao hugeuka malkia. Kila kitunda cha mwenzako kinachotoka ubaoni ni malkia mmoja ambaye hatampata.

Chukua huu. Mweupe ana askofu anayetembea nyumba nyeupe, na vitunda viwili, cha g na cha h (safu wima za ubao huitwa a hadi h, za kulala 1 hadi 8). Wewe mweusi una askofu tu, na mfalme wako yuko g8. Ukipata nafasi ya kula kitunda cha g, usisite, hata kama askofu wako ataliwa papo hapo. Umebaki na mfalme mtupu, na wanaotazama wanaanza kukupa pole. Lakini h8, ambako kitunda kilichobaki kinataka kugeuka malkia, ni nyumba nyeusi. Askofu wake hataigusa hata mkicheza mpaka alfajiri. Wewe nenda h8, rudi g8, nenda tena h8. Akisogeza mfalme wake g6, kitunda h6 na askofu e6 wakati wewe uko h8, huna pa kukanyaga na hujapigwa cheki. Sare! Askofu huyo angekuwa wa nyumba nyeusi ungekuwa umekwisha, kwa hiyo angalia rangi kabla ya kutoa chochote. Upande wa kitunda cha a mambo yanageuka: a8 ni nyeupe, basi anayekufaa ni askofu wa nyumba nyeusi.

Mkibaki na ngome moja moja, wa kumshukuru ni Mfaransa François-André Danican Philidor, mtunzi wa muziki aliyeuchambua ulinzi huu mwaka 1777. Mweupe ana mfalme d5, kitunda e5 na ngome a7. Wewe una mfalme e8 na ngome b6. Ngome yako isiondoke safu ya sita. Itembee pembeni tu, b6, h6, b6. Hapo mfalme wake hawezi kupanda. Njia iliyobaki ni kusukuma kitunda e6, na akishakisukuma tu, unateremsha ngome mpaka b1. Sasa mfalme wake akiingia d6 kutaka kukupiga chekimeti, unampiga cheki kutoka d1. Akienda e5, cheki e1. Hana kivuli, kwa sababu kitunda chake kimetangulia mbele.

Wengi huteremka mapema, kabla kitunda hakijasogea. Hapo mfalme mweupe anapanda e6, kitunda cha e5 kinamkinga mgongo, na cheki zako za nyuma hazina kazi tena. Kusubiri ni kugumu kwa kijana. Anataka kufanya kitu.

Nyingine ni fupi. Mwenzako ana ngome, wewe askofu, bila vitunda: kimbilia kona ambayo rangi yake si ya askofu wako. Farasi wawili dhidi ya mfalme mtupu hawawezi kukulazimisha chekimeti; usiingie mwenyewe tu.

Halafu andika hatua zako. Kila mmoja akicheza hatua 50 bila kete kuliwa wala kitunda kusogea, unaruhusiwa kudai sare. Unadai zamu ikiwa yako, kabla hujagusa kete. Ukigusa, haki hiyo imekupita kwa hatua hiyo. Mwamuzi hadai kwa niaba yako. Yeye huingia mwenyewe zikifika 75, na kukaa na ngome yako safu ya sita muda wote huo, huku saa inakula dakika zako, si mchezo.