Mzazi, weka brashi chini: tunayoambiwa kuhusu mashindano na karo ya klabu

Kila Septemba maneno huwa yale yale. Mzazi ananipigia simu, au ananivuta kando kwenye mkutano wa shule, ananong'ona kana kwamba tunapanga magendo: “Mwalimu, hebu nidokezee majaji wanapenda nini, nimtayarishie kitu kizuri.” Mtoto mwenyewe hatajwi tena mpaka tunaagana. Mimi ni mwanachama wa klabu ya Lions, shirika la kimataifa la watu wanaojitolea kwa hisani, hapa Nairobi, na kazi niliyokabidhiwa ni mashindano ya vijana pamoja na maombi ya ufadhili wa karo. Kabla ya hapo nilifundisha sanaa. Nimechoka kujibu jambo hili kwa mdomo.

Dhana: Kazi ikipitia mkono wa mtu mzima ndiyo hushinda

Najua ilikotoka. Tangu CBC, mtaala wa umilisi, iingie madarasani mwaka 2019, wazazi wa mjini wamekuwa wanafunzi wa usiku. Saa nne mtoto amelala, mama anakata katoni na kupaka gundi, asubuhi “mradi wa mtoto” unapanda matatu ukiwa umefungwa kwa gazeti. Kwenye tamasha za muziki na drama nako tumezoea mwalimu atunge shairi, mtoto alighani. Huko ni sawa, ndivyo mashindano yenyewe yalivyopangwa. Letu halikupangwa hivyo.

Shindano la Bango la Amani la Lions lilianza 1988. Ni la watoto wa miaka 11, 12 na 13 tu, na umri unahesabiwa kufikia tarehe 15 Novemba. Kila mtoto hutoa bango moja kwa mwaka, lisilopungua sentimita 33 kwa 50 wala kuzidi 50 kwa 60. Liwe limebuniwa na yeye mwenyewe, nakala haikubaliwi. Majaji hutazama mambo matatu: ubunifu, ustadi wa kuchora, na jinsi mada ya mwaka huo ilivyojitokeza. Bango likishinda shuleni na kwenye klabu, linapanda hadi wilaya ya Lions, kisha ngazi ya juu zaidi, na mwisho linafika mbele ya majaji wa kimataifa.

Sasa mtu mzima akishika brashi, cha kwanza kufa ni ubunifu. Atachora njiwa. Atachora dunia, mkono mweusi na mweupe ikisalimiana juu yake, na bendera zimeizunguka kama uzio. Jaji amekwisha kuona njiwa wa kutosha kujaza Uhuru Park. Mtoto aliyeachwa peke yake hana habari kwamba amani lazima iwe njiwa. Kwa mtoto wa Huruma, amani inaweza kuwa kondakta anayemrudishia mama chenji yake bila matusi. Inaweza kuwa foleni ya mitungi penye bomba la maji, na hakuna anayempiga mwenzake kumbo. Nimepokea picha za namna hiyo, zimechorwa vibaya kidogo, na zilinifanya nivute kiti.

Wazazi hudhani hatuoni mkono wao. Tunauona. Mtoto wa miaka 12 huchora kubwa kile anachokijali na kukipunguza asichokijali, hata kama nyanya yake atatoka mrefu kuliko nyumba. Kivuli humwangukia upande wowote. Mikono huificha nyuma ya mgongo au mifukoni, kwa sababu vidole ni vigumu. Basi nikikuta vidole vitano vimekaa sawasawa, mwanga unatoka upande mmoja kwa picha nzima, na machoni kuna kile kimng'ao cha michoro ya matatu, naanza kuuliza maswali. Na darasa zima likileta mti ule ule wenye mizizi ile ile, najua nani aliuchora ubaoni kwanza.

Klabu yetu huwaita wale waliofika mwisho, tukakaa nao bila mzazi. Maswali si ya mtego. “Mbona anga lako ni la zambarau?” Aliyechora anajibu hapo hapo: “Buluu iliisha.” Ambaye hakuchora anatazama mlango.

Ugonjwa huu umeingia pia kwenye insha. Lions wana shindano la insha kwa watoto wenye ulemavu wa kuona, la umri ule ule, maneno yasizidi 500. Kwenye maneno 500 hakuna nafasi ya jogoo kuwika, jua kuchomoza mashariki kwa madaha, na methali sita kuvaana kabla mtu hajafika sokoni. Najua hivyo ndivyo insha inavyofundishwa kwetu, na sijui nani atatuokoa. Anayeniambia jinsi anavyotambua kwa sauti kwamba barabara ya Jogoo imefungwa na polisi amenipa zaidi ya hayo yote.

Kwenye hotuba, aliyeandikiwa hujulikana akikatizwa. Gari likipiga honi nje, anasimama, anapotea, anarudi mwanzo kabisa: “Mheshimiwa mwenyekiti...” Aliyeandika mwenyewe anaruka sentensi moja na safari inaendelea.

Linaloniuma kuliko bango ni barua ya karo. Hizi nyingi huchapwa saiba, kwenye duka la intaneti, na yule kijana wa saiba ana moja anayoibadilisha jina tu: “Mimi ni mtoto mwerevu lakini mhitaji.” Siku hizi akili unde imeziongezea ulaini, na utupu. Kurasa mbili za Kiingereza cha ubalozini, na bado sijui mtoto anaishi na nani. Nataka kujua nani alilipa muhula uliopita, salio ni kiasi gani, na ni kitu gani hasa kilikwama: mama aliugua, kibanda kilibomolewa, au shamba la babu lilikosa mvua. Aandike kwa mkono wake, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa mchanganyiko wake wa mtaani. Sijawahi kuweka barua kando kwa ajili ya tahajia. Zile laini, zisizo na mtu ndani yake, nimeziweka kando nyingi. Kisha aambatishe orodha ya karo ya shule, taarifa ya salio, ripoti ya muhula na barua ya chifu. Hizo ndizo kazi za mzazi, na ajabu ni kwamba ndizo zinazosahaulika.

Wanaoniuliza la kufanya, jibu langu halijabadilika. Mpe penseli na karatasi ndogo ndogo, achore wazo lake mara nyingi kabla ya kugusa karatasi kubwa. Muulize swali moja: wiki hii uliona wapi amani ikivunjika, na nani aliirudisha? Halafu toka chumbani, na raba toka nayo. Mtoto mwenye raba hufuta wazo la kwanza kabla halijapata miguu, na mara nyingi la kwanza ndilo lilikuwa zuri.

Akimaliza, ndipo msaada wako unahitajika. Akitumia chaki, mkaa au pastel, nunua dawa ya kupuliza ya kushikisha rangi isifutike. Usilikunje bango, liviringishe kwenye bomba la katoni. Usilitie fremu. Na tafadhali usilipeleke kupigwa laminesheni. Nairobi tunapiga laminesheni hata risiti, nafahamu, lakini bango lenye plastiki ni kinyume cha kanuni.

Dhana: Lazima uandike AMANI kwa herufi kubwa ili ujumbe ufike

Ukiandika, umetoka. Mbele ya bango hakutakiwi herufi wala nambari, ya lugha yoyote. Jina la mtoto na maelezo mengine hukaa nyuma. Kila mwaka kuna bango zuri linaloangukia hapa, na mara nyingi ni mwalimu aliyeongeza neno dakika ya mwisho “kulikamilisha”.

Dhana: Akishinda, klabu itamsomesha mpaka chuo kikuu

Hapana. Shindano ni shindano, na ufadhili ni ufadhili. Mshindi mkuu wa dunia hupata dola 5,000, na 23 wanaomfuata dola 500 kila mmoja. Kwenye ngazi ya klabu, zawadi ni kile klabu ilichoweza: cheti, rangi, vitabu, pengine vocha ya sare. Wazazi huchanganya klabu na miradi mikubwa kama Wings to Fly ya Equity Group Foundation, iliyoanza 2010 na ambayo humbebea mwanafunzi wa sekondari karo, sare, vitabu na hata pesa za matumizi. Sisi ni watu wachache wenye kazi zao. Karo rasmi ya bweni katika shule ya kitaifa imekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka baada ya mchango wa serikali. Zidisha kwa miaka, kisha kwa watoto, utaelewa kwa nini tunachukua wachache na kuwashikilia hadi mwisho, badala ya kugawia kila mtu noti ya elfu mbili na kupiga picha.

Dhana: Pesa zenu zinatoka kwa wazungu, na mnakula nusu

Mwanachama hulipa ada kutoka mfukoni mwake, na chakula cha mkutano hujilipia. Klabu ya Lions huweka akaunti mbili. Moja ni ya uendeshaji, inayolishwa na ada za wanachama. Nyingine ni ya miradi, na hapo ndipo huingia kila shilingi iliyochangwa na umma, iwe kwa matembezi ya hisani au kwa kuuza tiketi. Pesa za umma hazivuki kwenda kununua chai yetu. Mweka hazina anayezichanganya anatafuta matatizo. Uliza uonyeshwe, ni haki yako kama ulinunua tiketi.

Dhana: Hiyo ni Freemason

Nilijua tutafika hapa. Lions ilianza Marekani mwaka 1917 kwa wito wa Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima wa Chicago. Jones alikuwa Freemason, ndiyo, na halifichwi. Alikuwa pia mtu wa bima, na hakuna anayesema Lions ni kampuni ya bima. Hatuna viapo vya siri. Katiba hairuhusu wanachama kubishania siasa za vyama wala madhehebu ya dini, ndiyo maana pasta na shehe hukaa meza moja kwetu wakijadili miwani ya watoto. Anayetaka kuona tunachofanya aende Loresho, kwenye hospitali ya macho ya Lions SightFirst, akakae kwenye foleni na wazee wa mtoto wa jicho. Mzazi mmoja alikataa karo ya bintiye kwa sababu ya uvumi huu. Msichana alikaa nyumbani muhula mzima. Sina subira tena na mada hii.

Dhana: Ufadhili ni wa wenye alama za juu tu

Alama tunazitazama, lakini tunatazama mwelekeo wake. Mtoto aliyeshuka ghafla muhula wa pili ananivutia kuliko aliyekuwa juu siku zote, kwa sababu mara nyingi alama zilianguka siku alizofukuzwa kwa ajili ya karo. Mwenye alama za juu kabisa ana milango mingine: basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge), ya kaunti, mashirika. Yule wa katikati, mwenye bidii na mdogo wake wa kulea, hana. Na wakati mwingine kinachomzuia si karo. Ni godoro, sanduku na viatu vya siku ya kuripoti, vitu ambavyo basari nyingi hazigusi. Mzazi aviandike kwenye maombi bila aibu.

Dhana: Ni watoto wa wanachama tu wanaopata

Kwa majirani zetu wa Rotary, shirika jingine la klabu za hisani, hili limefungwa kwa maandishi: mwanachama, mke au mume wake, mtoto wake na mjukuu wake hawaruhusiwi kuchukua ufadhili wa masomo unaotoka Rotary Foundation. Kwetu, mwanachama mwenye ndugu kati ya waombaji hutoka chumbani. Tumewahi kumtoa mwenyekiti.

Dhana: Ni klabu ya wazee wenye suti

Wazee tupo. Lakini Leo, tawi letu la vijana, hupokea kuanzia miaka 12 hadi 30, na asili yake ni klabu ya shule moja huko Pennsylvania mwaka 1957. Wanawake wameruhusiwa kuwa wanachama wa Lions tangu 1987.

Jambo la mwisho ni la kiutaratibu, maana nalo huniletea simu za lawama. Mtoto hawezi kujiandikisha mwenyewe kwenye shindano la bango. Klabu ndiyo hununua seti ya shindano kwa ajili ya shule au kikundi cha vijana, na seti huuzwa kuanzia 15 Januari hadi 1 Oktoba. Mtoto halipi chochote. Kwa hivyo mwalimu anayetaka shule yake iingie aitafute klabu ya karibu muhula wa pili, asisubiri Novemba na kuniletea mabango mazuri yasiyo na pa kwenda.