Sheria ya machweo: taasisi ya umma inapoandikiwa tarehe ya mwisho

Mama mdogo wangu anauza mchele na viazi hapa Mbeya, na chini ya meza yake kuna bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake zimo leseni ya biashara, vyeti, stakabadhi za ushuru na vibali vya miaka kadhaa, kila karatasi na mhuri wake. Siku moja nilimsaidia kuzipanga. Nikakuta kibali kimoja ambacho amekilipia mwaka hadi mwaka, na yeye mwenyewe hajui kinamlinda nani. Alipomuuliza mkaguzi aliyekuja kukidai, alijibiwa maneno matatu: "Ipo kwenye kanuni."

Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo shida yake. Kanuni ipo kwa sababu iliwahi kuandikwa. Hakuna aliyetakiwa kurudi baadaye na kueleza kwa nini iendelee kuwepo.

Dhana ninayotaka kuieleza inagusa hapo hapo. Ni mapitio ya Bunge, yanayofanyika kwa vipindi vilivyopangwa, juu ya taasisi za umma na kanuni zinazozisimamia. Wamarekani huita sheria ya namna hii sheria ya machweo, kwa sababu taasisi inapozaliwa inaandikiwa siku ambayo jua lake litazama. Nasi tunaweza kuyaita mapitio ya ukomo. Sheria inayounda bodi au mamlaka inataja tarehe. Kabla tarehe hiyo haijafika, wawakilishi wa wananchi wanaikagua taasisi nzima: kazi yake, kanuni zake, ada zake, na namna inavyowatendea watu. Wakiridhika, wanapitisha sheria ya kuiongezea muda. Wasipopitisha kitu, taasisi inafikia mwisho wake.

Tafadhali rudia sentensi hiyo ya mwisho, maana uzito wote wa dhana umekaa humo. Katika utaratibu tuliouzoea, ukimya unaihifadhi taasisi. Ili kuifuta inabidi mtu ajitokeze, aandike muswada, apambane na wanaofaidika nayo, apate kura. Mapitio ya ukomo yanaugeuza ukimya huo: watu wakinyamaza, taasisi inakufa. Mzigo wa kueleza unahama kutoka kwa muuza viazi anayeuliza "ya nini hii?" na kwenda kwa taasisi yenyewe, ambayo lazima ioneshe kwamba bado inahitajika.

Wazo la kuipa sheria umri ni la zamani. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alimwandikia James Madison mwaka 1789 kwamba sheria ingepaswa kuisha baada ya miaka 19, ili kizazi kimoja kisikifunge kingine. Wazo halikutekelezwa. Lilirudi katika miaka ya 1970, wakati majimbo mengi ya Marekani yalipojikuta na bodi na tume zisizohesabika. Jimbo la Colorado likatunga sheria ya machweo mwaka 1976, na mengine mengi yakafuata.

Mfano ambao umedumu ni wa Texas, ulioanza 1977. Kule kuna tume ya watu 12: maseneta watano, wabunge watano na wananchi wawili wasio wabunge. Kwa kawaida kila taasisi inafikiwa mara moja katika miaka 12. Kwanza taasisi inajitathmini na kuandika taarifa yake yenyewe. Kisha wataalamu wa tume wanaichambua taarifa hiyo, wanazungumza na wanaosimamiwa na wanaolalamika, na kuchapisha walichokiona. Baada ya hapo kuna kikao cha wazi ambamo raia yeyote anaweza kusema. Tume inapiga kura juu ya mapendekezo, halafu Bunge la jimbo linaamua. Taasisi isiyoongezewa muda hupewa kipindi cha kufunga hesabu, kulipa madeni na kukabidhi mafaili.

Maswali yanayoulizwa ni ya kawaida kabisa, na angeweza kuyauliza mama mdogo. Tatizo lililosababisha taasisi hii iundwe bado lipo? Kuna taasisi nyingine inayofanya kazi ile ile? Malalamiko yanapokelewaje na yanaishia wapi? Ada inayotozwa inalingana na huduma? Kuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile? Taasisi nyingi hupita na kuongezewa muda, lakini hutoka na masharti mapya: bodi inapunguzwa, kanuni fulani inafutwa, utaratibu wa malalamiko unaandikwa upya. Kufuta ni fimbo iliyowekwa kando ya mlango. Kazi kubwa inafanywa na mazungumzo yanayotokea kwa sababu fimbo inaonekana.

Kuna nchi zimeielekeza dhana hii kwenye kanuni badala ya taasisi. Australia ilitunga sheria mwaka 2003 ambayo chini yake kanuni nyingi za serikali ya shirikisho huisha zenyewe baada ya miaka kama 10, isipokuwa zitungwe upya. Mimi naona hili lina mafunzo makubwa zaidi kwetu, kwa sababu kinachomgusa mkulima wa Njombe au mchuuzi wa Mafinga mara nyingi si sheria mama. Ni kanuni, yaani yale masharti madogo yanayoandikwa wizarani au kwenye halmashauri.

Na sisi Watanzania tuna nini? Tunayo sehemu ya mwanzo ya kazi hii. Ibara ya 97 ya Katiba yetu inaliruhusu Bunge kukabidhi kwa wengine madaraka ya kuweka kanuni zenye nguvu ya sheria, na ibara ya 63 inalipa Bunge jukumu la kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Kanuni zikishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali hupelekwa bungeni, na Kamati ya Sheria Ndogo huzipitia: zimevuka mipaka ya sheria mama? Zinagongana na Katiba au na sheria nyingine? Ni kazi nzuri. Lakini inamkagua mtoto siku anapozaliwa. Kanuni ikishapita hapo, inaweza kuishi miaka 20 bila mtu kuipima tena. Kamati za hesabu nazo huwaita wakuu wa taasisi kwa kufuata ripoti za Mkaguzi Mkuu, ila swali lake la msingi ni fedha zimetumikaje, siyo kama taasisi ilistahili kuwepo.

Hata hivyo, wanaosema dhana hii ni ngeni kabisa kwetu wamesahau PSRC, tume iliyoundwa kurekebisha na kubinafsisha mashirika ya umma. Iliundwa kwa kazi moja, na mwishoni mwa 2007 ikafunga milango. Kazi zilizobaki zikaenda CHC, shirika lililokuwa likikusanya madeni na kuuza mali, nalo lilikuwa na ukomo wake. Mwaka 2011 suala la muda wa CHC lilifika bungeni, wabunge wakabishana, na likaongezewa miaka mitatu. Juni 2014 ikafika, CHC likafungwa, shughuli zake zikahamia kwa Msajili wa Hazina. Bila tarehe ile, mjadala wa 2011 usingekuwa na sababu ya kutokea.

Mara nyingi, lakini, tumefanya mapitio kwa matukio, pale kelele zilipozidi. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiofika tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru huo. Mtu wa Igurusi aliyekuwa akileta magunia sita ya mpunga mjini anajua ahueni ile ilikuwa nini. Mwaka 2018 Serikali ikaja na mpango wa kupunguza utitiri wa ada na tozo, ndio uliofahamika baadaye kama MKUMBI. Mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ukatolewa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na kupelekwa TBS, shirika la viwango, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Yote hayo yangeweza kuwa matokeo ya mapitio ya ukomo. Tofauti ni kwamba hakuna kalenda. Mfanyabiashara hawezi kujua zamu ya kibali chake itafika lini, wala ajiandae vipi kusema.

Sitaki nieleweke kwamba naomba taasisi zifutwe. Nenda Ilula msimu wa nyanya, uhesabu chupa tupu za viuatilifu kando ya mashamba, halafu uniambie kama tunahitaji usimamizi mdogo zaidi wa sumu hizo. Kuna kanuni zinazopaswa kutoka kwenye mapitio zikiwa na meno zaidi. Lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, ni mfano wake. Vipimo rasmi vinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mkulima wa viazi wa Njombe ameona gunia likishonewa "kofia" juu mpaka likawa mlima, bei ikabaki ya gunia moja. Mapitio ya kweli yangeuliza kwa nini kanuni nzuri haifanyi kazi shambani: wakaguzi ni wachache, adhabu ni ndogo, au mkulima anaogopa kukosa mnunuzi?

Njia hii ina gharama zake pia. Inakula muda wa wabunge na inahitaji wataalamu wa kutosha. Ndiyo sababu baadhi ya majimbo ya Marekani yaliianza kwa shangwe kisha yakaiacha. Wenye fedha wanaweza kuitumia tarehe ya mwisho kuinyong'onyeza mamlaka inayowabana. Na siasa inaweza kukwamisha hata kitu ambacho hakuna anayekipinga: mwaka 2017 Bunge la Texas lilimaliza kikao chake bila kupitisha muswada wa kuiongezea muda bodi inayosajili madaktari, ikabidi gavana aitishe kikao maalumu.

Kwa hiyo kama dhana hii ingeletwa kwetu, ningependa ianze kwa udogo, kwenye sheria ndogo za halmashauri. Za halmashauri moja ni chache kuliko kanuni za nchi nzima, madiwani wanakaa karibu na wanaozilipia, na kila moja ina namba yake ya Tangazo la Serikali na mwaka wake. Nimeanza na bahasha ya mama mdogo. Naandika kwa penseli nyuma ya kila karatasi namba ya tangazo na mwaka ilipotungwa kanuni yake. Tatu nimezipata. Ya nne, kile kibali anachokilipia bila kujua, bado naitafuta, na barua ya kuomba nakala yake nimeikabidhi kwa diwani wetu.