Laana ya sweta ni nini, na kwa nini waandishi wa mapenzi wanaipenda hivyo

Laana ya sweta ni imani iliyoko kwa wafumaji wa Marekani na Uingereza, kwamba ukimfumia boifrendi sweta kabla hamjaoana, mtaachana. Anaweza kuhepa ukiwa bado uko kwa mkono wa pili wa sweta, ama aivae mara moja tu halafu simu zianze kukosa kushikwa. Wengi wanaisema kama utani lakini kuna wenye wanaishika kabisa, boi apewe kofia kwanza, soksi labda, sweta ingoje pete.

Ukiangalia vizuri hakuna uchawi hapo. Sweta ya mtu mzima ikifumwa kwa mkono ni maelfu ya vitanzi, na kama una kazi na watoto inaweza kula miezi, na kwa hiyo miezi mapenzi mengi yangeisha tu hata bila sweta. Ama jamaa anaona zawadi imekuwa nzito kumliko, mmejuana tangu Pasaka na tayari unampima mabega. Ama anasema asante na sauti ya mtu ameletewa bili, na wewe uliyekesha ukihesabu vitanzi unaisikia hiyo sauti vizuri sana.

Sasa mwandishi wa mapenzi akipata kitu kama hiki si amepewa bure? Mwisho wa riwaya ya mapenzi tunaujua, watapatana, so kazi yote iko kwa kuchelewesha, na kufuma ni kuchelewa kwenyewe. Ndio maana tangu miaka ya 2000 Marekani kumetoka riwaya kibao zenye stori inazunguka duka la uzi, wamama wamekaa duara, mmoja mjane, mwingine ameachwa, mikono iko bize na macho yako chini, na mtu akiwa hakuangalii usoni unaweza kumwambia mambo yenye hungesema kwa meza ya chakula. Weka hapo dem ameapa hatawahi kufumia mwanaume tena, halafu sura kadhaa baadaye anaonekana ameanza kitu cha kijivu chenye si saizi yake. Hajasema neno. Msomaji ameshajua.

Yenye naipenda zaidi ni ile ya kukunja uzi. Uzi wa sufu mara nyingi unauzwa ukiwa duara refu lililosokotwa, si donge, so mara nyingi mtu anaushika kwa mikono miwili ameinyoosha mbele kama amefungwa pingu, huku mwenzake anauzungusha polepole mpaka uwe donge. Huyo mwanaume hawezi kushika simu, hawezi kujikuna pua, hawezi kwenda popote. Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 19 waliiona hii mapema.

Na Kiswahili hakijabaki nyuma: kufuma, kufumua, kufumania. Hapo tayari una riwaya nzima.

Sijui kama laana yenyewe ingeshika kwetu lakini. Kisumu na joto lile ungemfumia mtu sweta ya nini, hata ile ya safari unaivaa matatu ikifika Mau Summit, ukifika Ahero umeshaitoa na unatafuta maji baridi. Wengi huku mapenzi yao ya uzi yako kwa krosheti, vile vitambaa vya makochi venye mgeni akiviegemea vinaanguka na mama mwenye nyumba anavirudisha bila kusema kitu.

Nakuru ndio kuna baridi ya sweta, lakini hapo nyingi ni za shule na zinafumwa kwa mashine, na Januari mfumaji hana saa ya mahaba. Nilimweleza mama mmoja mwenye hufuma karibu na soko hii stori ya laana, akacheka mpaka akasimamisha mashine. "Nimefumia watoto wa watu miaka yote hii, hiyo laana si ingekuwa imemaliza Rift Valley?"

Nikamuuliza, na mzee, ulishawahi kumfumia?

Akasema moja tu. Ya bluu, kwa mkono, kabla hata wazee hawajaenda kwao kuongea mahari. Akaongeza kwamba mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwingine, na mzee aliukunja hivyo hivyo akaivaa mpaka ikaisha viwiko.