Kutu ya siku moja: dhana potofu na ukweli wake

Mama mmoja mwenye mgahawa Njiro aliniletea kibao cha chuma siku ya Jumatano. "Fundi, nataka kionekane kimekaa mvuani miaka thelathini." Nikamuuliza anakihitaji lini. "Jumamosi, baba." Muda ulitosha kabisa. Kilichonitia hofu ni ushauri aliokuwa amepewa kabla hajafika kwangu, maana mwingine ungemtia upofu.

"Kutu inataka asidi kali, tafuta maji ya betri."

Hii naisikia kila mara hapa Arusha, kwa sababu maji ya betri hayakosekani gereji. Lakini kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni penye unyevu. Asidi ya betri inakila chuma na kukiacha cha kijivu, huku ikitoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi. Tone likiruka jichoni, jicho liko hatarini. Chuma chako kina njaa ya oksijeni, na hiyo inauzwa duka la dawa: haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda.

Kibao kile nilikisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, nikakiosha kwa sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani. Hapo ndipo wengi wanaharibu kazi: penye mafuta au rangi, kutu haishiki. Nikakianika mpaka kikawa cha moto mkononi. Kwenye chupa ya kupulizia nilitia vikombe viwili vya peroksaidi, robo kikombe cha siki nyeupe na nusu kijiko kikubwa cha chumvi. Siki inafungua uso wa chuma, chumvi inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu kwa asili yake ni umeme mdogo unaotembea juu ya chuma.

Nilipopulizia, uso wote ulichemka povu jembamba, na kabla sijaweka chupa chini rangi ya chungwa ilishaanza kutokeza pembeni. Ikauka juani, nikapulizia tena. Mara ya tano kibao kilikuwa na rangi ya ugoro, chenye madoa meusi pale maji yalipotuama. Mchana mmoja tu.

Fanya kazi hii nje, uvae glovu na miwani. Changanya kiasi cha kutumia siku hiyo tu. Mchanganyiko ukifungiwa kwenye chupa unaendelea kutoa gesi, na chupa inaweza kupasuka.

"Ongeza Jik, itaharakisha."

Usithubutu. Jik ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, ileile iliyoachiliwa juu ya askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ni kweli Jik peke yake inaleta kutu, na ndiyo maana dhana hii haifi. Lakini nyumbani watu hawamwagi kitu kimoja. Wanajaribu siki asubuhi, ikichelewa wanaongeza Jik juu yake. Ukishatumia kimoja, kingine kiache kabatini. Ukihisi harufu inayochoma pua, achia kila kitu utoke uende penye hewa safi.

"Chuma chochote kinashika kutu."

Kutu ni ya chuma cha kawaida, kile kisicho stenlesi. Alumini haipati kutu, shaba inageuka kahawia kisha kijani. Stenlesi ina kromiamu inayojenga utando mwembamba wa kuikinga. Anayenihuzunisha zaidi ni mwenye bati au bomba lililopakwa zinki. Analijaribu kwa sumaku, linanasa, anaamini ni chuma kitupu. Sumaku inanasa chuma kilicho chini ya zinki. Tazama uso: ukiona maua maua ya kung'aa, hiyo ni zinki, na peroksaidi yako itaishia hapo. Isugue kwa msasa, na vaa barakoa. Usiichome kwa moto. Moshi wa zinki unaleta homa na baridi ya kutetemeka usiku huohuo.

"Kutu inaleta pepopunda."

Pepopunda inaletwa na bakteria anayeishi kwenye udongo na samadi. Msumari usio na kutu uliolala zizini ni hatari kuliko kibao changu chenye kutu. Ukichomwa na chochote kwa kina, osha kidonda na uende ukaulizie chanjo.

"Kutu ikishakaa, inalinda chuma."

Inalinda chuma cha aina maalumu, kama Cor-Ten ya Marekani, kilichotiwa shaba na kromiamu kidogo. Flati ba ya duka la vifaa haina hayo. Kutu yake ina vinyweleo, inapitisha maji na hewa, na chini yake chuma kinaendelea kuliwa mpaka kinatoboka. Kwa hiyo rangi ikishakupendeza, suuza kwa maji mengi uondoe chumvi, maana chumvi iliyobaki inavuta unyevu. Kaushia juani, kisha paka vanishi isiyong'aa mikono miwili, yaani mara mbili, na nyuma pia. Jua kwamba vanishi itaizidishia rangi weusi kidogo, kwa hiyo acha kupulizia mapema kuliko macho yanavyotaka.

Kibao cha Njiro nilikipaka vanishi Ijumaa asubuhi, nikamwambia mama akitundike umbali wa kidole kimoja kutoka ukutani, maji yasituame nyuma yake. Kila mwaka kabla ya masika anakirudisha, napitisha mkono mmoja wa vanishi.