GeneXpert chanya baada ya dozi haina maana kwamba TB imerudi

Wengi wakimaliza miezi sita ya dawa za kifua kikuu, wakapimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta DNA ya bakteria wa TB kwenye makohozi, na jibu likatoka chanya, hukata tamaa: "dawa zimeshindwa." Si lazima iwe hivyo. Mashine hiyo haitofautishi bakteria hai na mfu.

Makohozi huchanganywa na dawa ya kuyayeyusha, kipimo kimoja cha makohozi kwa viwili vya dawa, hutikiswa, huachwa dakika 15, kisha mililita 2 huingizwa kwenye katriji, kikasha kidogo kinachowekwa ndani ya mashine. Humo kichujio hunasa bakteria na mawimbi ya sauti huwapasua ili DNA, maandishi yao ya urithi, itoke. Ndipo kazi ya vipande vya DNA vilivyotengenezwa kiwandani inapoanza. Kila kipande kimejikunja kama kibanio cha nywele: ncha moja ina rangi ing'aayo, nyingine ina kizima mwanga. Kikikuta mfuatano wa herufi za DNA unaolingana nacho, hunyooka, ncha zikaachana, mwanga ukaonekana. Kinachotambuliwa ni herufi tu, na mzoga wa bakteria unazo zilezile. Mapafu huendelea kutoa mizoga hiyo kwa miezi, pengine hata miaka.

Ndiyo maana maendeleo ya tiba hufuatiliwa kwa hadubini au kwa kuotesha vimelea, ingawa kuotesha huweza kuchukua hadi wiki nane. Ukiwahi kutibiwa, mwambie mhudumu kabla hujatoa makohozi, hasa kama wanatumia katriji ya Ultra, ambayo hunasa hata mabaki kidogo mno.

Na makohozi mazito yasiyoyeyuka vizuri hukwamisha katriji. Hapo mashine huandika hitilafu, na kipimo hurudiwa.