"Nimemaliza, Bado Kuhaririwa Tu" na Dhana Nyingine Zinazokwamisha Riwaya

"Nimeshamaliza kuandika, bado kuhaririwa tu." Karibu kila mswada wa riwaya unaofika mezani kwangu huja na sentensi hiyo, hasa tuzo za uandishi zinapokaribia. Nafungua faili nakuta rasimu ya kwanza. Mjomba aliyezikwa sura ya tatu anatoa mahari sura ya tisa, na mgogoro wenyewe unaanza ukurasa wa 80. Mwandishi anaamini hayo ni ya mhariri kurekebisha. Si ya mhariri.

Uhariri una kazi tatu na watu huzichanganya. Uhariri wa muundo huangalia kama hadithi inasimama: nani anataka nini, anazuiwa na nini, sura ipi imekaa bure. Uhariri wa lugha hushughulika na sentensi. Usomaji wa prufu hukamata makosa ya chapa kurasa zikishapangwa. Katika ile ya kwanza, mimi nitakuonyesha palipooza. Kuandika upya ni juu yako. Nikikuandikia sura nne, hicho kitakuwa kitabu changu chenye jina lako. Na anayekimbilia prufu wakati hadithi haijasimama anapiga pasi kitambaa ambacho hakijashonwa nguo.

Chini ya dhana hii kuna imani kwamba kilichotoka moyoni kimetoka kizima, ukikigusa umekiharibu. Wenye imani hiyo hupenda kumtaja Coleridge, mshairi wa Uingereza, aliyedai kuwa shairi lake "Kubla Khan" lilimjia usingizini. Alilichapisha mwaka 1816 kwa maelezo hayo hayo. Lakini nakala aliyoiandika kwa mkono wake ipo hadi leo British Library, London, na ina maneno yanayotofautiana na yale yaliyochapwa. Hata ndoto ilihaririwa! Ernest Hemingway naye, mwandishi wa Marekani, katika mahojiano yaliyotoka mwaka 1958, alisema aliandika upya ukurasa wa mwisho wa riwaya yake A Farewell to Arms mara 39 ndipo akaridhika.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Anayetunga shairi la mizani 16 kwa mshororo, 8 kwa 8, lenye vina vya kati na vya mwisho, anajua kuwa neno la kwanza kumjia mara nyingi halikai. Atalitoa, atalirudisha, atapindua mshororo mzima. Kwa nini mwandishi wa riwaya ajione amesamehewa kazi hiyo?

Ushauri wangu ni ule ule, na wateja wangu wameuchoka. Rasimu ikiisha, ifungie kabatini mwezi mzima. Kisha chukua daftari, si kompyuta, na kwa kila sura andika sentensi moja tu: nini kimebadilika kati ya mwanzo na mwisho wake? Ukikosa cha kuandika, ifute sura hiyo au iunganishe na jirani yake. Hapo ndipo naambiwa, "Lakini mhariri, sura ile ina lugha tamu." Utamu uhamishie kwenye sura yenye kazi. Ukimaliza, soma mazungumzo yote kwa sauti. Ulimi ukikwama, kata.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

"Nasubiri msukumo, na mahali tulivu." Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, Kenya, mwaka 1978, juu ya karatasi za chooni. Wewe unasubiri kompyuta mpya.

"Wazo langu litaibiwa." Hakimiliki hailindi wazo tupu, inalinda namna ulivyolieleza. Kwa hiyo kinga yako ni kuandika. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi mzuri, ila usajili unataka kazi iliyopo. Wapo wanaotaka nisaini makubaliano ya siri kabla hawajanisimulia habari za binti maskini aliyekwenda mjini. Binti huyo ameandikwa sana, jamani. Kitakachomtofautisha wako ni kurasa zako.

"Umri umenipita." Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2021.

Halafu yuko wa upande wa pili, anayeamini kazi haiishi mpaka iwe haina doa. Huyu simlaumu sana, maana angalau anafanya kazi, lakini naye ananichosha. Rudi kwenye lile daftari. Kama kila sura ina jibu lake, na kwa rasimu mbili mfululizo umebadilisha majina ya wahusika na vivumishi tu, umeshamaliza kusanifu hadithi. Sasa unaogopa wasomaji. Tuma mswada, anza mwingine.