Kaliba ni nini, na kwa nini "375" peke yake haitoshi

Kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu wa bunduki. Hupimwa kwa inchi au kwa milimita, na kichwa cha risasi hutengenezwa kienee sawasawa ndani ya tundu hilo. Bunduki ya kaliba 375 hurusha kichwa chenye upana wa inchi 0.375, yaani milimita 9.5. Maana yake ndiyo hiyo tu, na ningenyamaza hapa kama huku kwetu neno hili lisingegeuzwa kuwa kipimo cha nguvu. Kuanzia vijiwe vya Tabora mjini hadi kwa vijana wa Kibondo wanaofanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji vya Moyowosi, utasikia "ile kaliba yake kali" au "kwa mbogo tafuta kaliba kubwa, basi". Juzi mdogo wangu mmoja, anayefuata nyayo kwa kampuni ya uwindaji na anayetamani siku moja awe mwindaji bingwa (yule anayeongoza wageni wanaowinda), kaniuliza: "Kaka, nyati anatosha kwa 375 au mpaka 416?"

Nikamjibu: 375 ipi? Akadhani namtania.

Hebu tuanze na ushahidi wa karibu. Shotgani ya bore 12, ambayo wengi wenye leseni vijijini ndiyo wanayoijua, ina tundu la milimita 18.5 hivi. Bunduki ya 458 inayobebwa kwa ajili ya tembo, tundu lake ni milimita 11.6. Upana ungekuwa ndio nguvu, mwenye shotgani ya kufukuzia nyani shambani angekuwa amejihami kwa tembo kuliko mwindaji bingwa, na gobole la kijijini lingekuwa silaha ya kuogopwa na kila mnyama wa Ugalla. (Na tafadhali, hakuna "shotgani ya kaliba 12". Ile 12 ni hesabu ya gololi za madini ya risasi zenye upana wa tundu hilo zinazotoka kwenye ratili moja ya madini hayo. Ndiyo maana bore 12 ni pana kuliko bore 20. Namba inapanda, tundu linapungua.)

Nguvu inatoka kwingine. Risasi nzima ina ganda, fataki kwenye kitako (kidude kinachowasha baruti), baruti ndani na kichwa mbele. Kinachompata mnyama ni uzito wa kichwa pamoja na mwendo wake, na mwendo unategemea baruti kiasi gani imo ndani ya ganda na shinikizo kiasi gani chemba ya bunduki, pale ganda linapokaa, inaweza kulihimili. Kaliba inakwambia upana wa kichwa tu. Haikwambii uzito wala mwendo wake. Chupa ya soda ya nusu lita na ile ya lita mbili zinaweza kufungwa kwa kizibo kimoja, lakini hakuna anayezinunua kwa kuangalia mdomo.

Watu wa Kigoma wana mfano ambao wameuzoea kuliko wangependa. AK-47, ambayo hapa Tanzania tunaiita SMG, ni ya milimita 7.62. Risasi ya kuwindia ya 30-06, iliyoingia jeshini Marekani mwaka 1906, nayo ni 7.62. Ya kwanza hurusha kichwa cha gramu 8 kwa mita 715 hivi kwa sekunde, na nishati yake hapo mdomoni mwa mtutu ni jouli (kipimo cha nishati) 2,000 na ushei. Ya pili hurusha kichwa cha gramu 11.7 kwa mita 820 hivi, ikafika karibu jouli 4,000. Namba ni moja, lakini kazi ya hii ya pili ni mara mbili. Jangili anayempiga tembo kwa SMG hamwangushi kwa risasi moja. Anammiminia, na wengi wa wanyama hao hukimbia wakiwa na vichwa vya risasi mwilini na kufia mbali.

Sasa turudi kwa 375 ya mdogo wangu. Kanuni za uwindaji za Tanzania zinaweka 375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari kama tembo na nyati, na hapo ndipo mkanganyiko ulipopata nyumba. Mwindaji mzoefu akitamka "375" anamaanisha risasi moja mahsusi: 375 H&H Magnum, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Hiyo hurusha kichwa cha gramu 19.4 kwa mita 770 hivi kwa sekunde, ikakaribia jouli 5,750. Lakini mwaka 1978 Wamarekani walitoa nyingine, 375 Winchester, kwa bunduki nyepesi za kupigia paa wa msituni kwao. Tundu ni lilelile na upana wa kichwa ni uleule, ila ganda ni fupi, kichwa ni chepesi, na nishati ni karibu nusu ya ile ya H&H. Ni nadra kuiona huku, nakubali. Hoja ni kwamba mtu akiisoma kaliba peke yake atazihesabu kuwa kitu kimoja, na nyati hatazihesabu hivyo. Baadaye zikaja nyingine zenye tundu hilohilo, mojawapo 375 Ruger ya mwaka 2007, ambayo nguvu zake zinalingana na za H&H lakini haziingiliani: risasi ya hii haiwekwi kwenye bunduki ya ile.

Mambo ni hayohayo kwenye 458. Risasi ya 45-70 ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873 hurusha kichwa cha inchi 0.458. 458 Winchester Magnum ya mwaka 1956 nayo ni 0.458. Ya kwanza, kama ilivyotengenezwa zamani, ilitoa kidogo zaidi ya jouli 2,000. Ya pili inapita 6,000. Hapo hata sijagusa 458 Lott, yenye ganda refu zaidi, iliyobuniwa na Mmarekani Jack Lott baada ya kujeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959.

Kuna jambo jingine linaloudhi zaidi: mara nyingi jina lenyewe halisemi kweli kuhusu hicho kipenyo. 404 Jeffery, ambayo idara za wanyamapori enzi za Mwingereza ziliipenda sana, kichwa chake ni inchi 0.423. Ile 303 ya askari wa King's African Rifles ina kichwa cha 0.311 hivi, kwa sababu mtutu una mifuo (michirizi iliyochimbwa) ndani, na aliyeipa jina alipima kwenye matuta yaliyo kati ya mifuo, si kwenye mifuo yenyewe. Bastola ya 38 Special ni 0.357. Kwa hiyo anayesema "kaliba 404 ni ndogo kuliko 416" amekosea hata kwa rula, kabla hatujaanza kuongelea nguvu.

Na upande wa pili yupo anayeonewa na namba. Mwaka 1905 fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, alitoa risasi ya 9.3x62 (upana wa kichwa na urefu wa ganda kwa milimita) kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Kijerumani Afrika, siku ambazo boma la Tabora lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 18.5, pungufu kidogo tu ya H&H, na kimeangusha nyati tangu wakati huo. Ukipima kwa inchi, hata hivyo, ni 0.366. Kwa kipimo cha kipenyo peke yake, haivuki mstari ambao ile 375 Winchester dhaifu inauvuka. Simwambii mtu avunje kanuni. Nasema tu kwamba kanuni ilihitaji mstari rahisi wa kuchora, na mstari rahisi si maelezo kamili.

Hata ganda lina neno lake la kusema. 416 Rigby ya mwaka 1911 ina ganda kubwa mno, na halikunenepeshwa kwa maringo. Kodaiti, baruti ya wakati ule, ilipandisha shinikizo kwenye joto la nchi kama zetu, na shinikizo likizidi, ganda hung'ang'ania kwenye chemba. Ganda kubwa liliweka shinikizo chini. 416 Remington ya mwaka 1988 inatoa nguvu zilezile kwa ganda dogo na shinikizo kubwa, kwa kuwa baruti za kisasa zinavumilia zaidi. Ganda la 375 H&H nalo limechongoka taratibu kutoka kitakoni hadi shingoni, ndiyo maana linatoka kirahisi. Ukiwa kwenye majani marefu ya Moyowosi mwezi wa Oktoba na nyati aliyejeruhiwa yuko mbele yako, ganda lililokwama ni tatizo kubwa kuliko tofauti ya jouli mia tano.

Halafu kuna kichwa. Kwa swala wakubwa kama palahala au korongo kwenye miombo, kichwa laini kinachofunguka kinafaa. Kwa tembo unahitaji kichwa kigumu kisichobadilika umbo, kwa sababu kinapita kwenye mfupa mwingi. Kwa nyati wengi huanza na laini imara, kisha ngumu zinafuata. Hapa huletwa habari za W. D. M. Bell, Mskoti aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa 7x57 ndogo. Ni kweli. Alitumia vichwa vigumu, alichunguza ubongo wa tembo ulipo, na alipiga bila kukosea. Wanaomtaja vijiweni hukumbuka namba ya bunduki na kusahau hayo mengine. Leo sheria isingemruhusu.

Teke la bunduki nalo lina nafasi yake. Anayefumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio cha 458 atafanya vizuri zaidi na 375 H&H anayoimudu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wakikuuliza, usijibu "375" ukanyamaza. Chukua risasi yenyewe uigeuze. Kwenye kitako, kuzunguka fataki, kuna maandishi madogo yaliyogongwa kwenye shaba. Kama yanasema 375 H&H MAG, umeshajibu nusu ya swali lako kuhusu nyati, na nusu iliyobaki ni uzito na aina ya kichwa, ambavyo vimeandikwa kwenye boksi. Kaliba iandike kwenye fomu ya leseni, maana hapo ndipo wanapoitaka.